Herem: mji unapowekwa wakfu

Kwa mtu wa pwani, wakfu ni shamba la minazi, nyumba au kisima ambacho mwenyewe alikitoa kwa ajili ya Mungu. Hakiuzwi, hakirithiwi, na faida yake huenda msikitini au kwa mayatima. Ni neno la wema. Sasa mtu huyo huyo afungue Biblia ya Kiswahili, Yoshua sura ya 6. Aya ya 17 inatangaza kwamba mji wa Yeriko ni wakfu kwa Bwana. Akifika aya ya 21, wanaume na wanawake, vijana na wazee, ng'ombe, kondoo na punda wamekwisha kuuawa kwa upanga. Waliosalia ni Rahabu na jamaa yake tu.

Neno lililoko hapo kwenye Kiebrania ni herem. Limebeba swali ambalo wasomaji wa Maandiko ya Kiyahudi wamehangaika nalo karne nyingi: Mungu akiamuru watu waangamizwe, mpaka watoto wachanga, je, amri hiyo ni ya haki?

Watafsiri wetu hawakubahatisha. Mzizi wa herem, h-r-m, ni ndugu wa mzizi wa Kiarabu uliotupa haramu, ihramu na maharimu. Maana inayoyaunganisha ni kutengwa: kitu kimewekewa mpaka na mkono wa kawaida haukifikii tena. Mambo ya Walawi 27:28 inamruhusu mtu kutoa shamba lake, mnyama wake, hata mtu aliye chini yake, kuwa herem kwa Bwana. Kikishatolewa hakiuzwi wala hakikombolewi, kwa kuwa ni kitakatifu sana. Hesabu 18:14 inasema vitu vya namna hiyo ni vya makuhani. Mpaka hapo mzee wa pwani anaelewa kila kitu. Halafu inakuja aya ya 29: mwanadamu aliyewekwa herem hakombolewi, atauawa. Kile kile kinacholilinda shamba lisiguswe ndicho kinachomzuia mtu asiponyoke.

Ukilishika hilo, mengi katika hadithi hizi huanza kueleweka, na kueleweka sisemi kukubalika. Vita vya zamani vilimlipa askari kwa nyara. Herem ya Yeriko ilimnyima: fedha, dhahabu na vyombo vya shaba na chuma viliingia katika hazina ya Bwana. Akani, Mwisraeli mmoja, alijichukulia joho zuri la Babeli, shekeli 200 za fedha na kipande cha dhahabu cha shekeli 50, akavifukia chini ndani ya hema yake. Alipigwa mawe, kwa sababu aliiba mali ya Mungu.

Wala herem haikuwa ya Waisraeli peke yao. Mwaka 1868 huko Dhiban, katika Yordani ya leo, lilionekana jiwe jeusi lenye maandishi, ambalo sasa liko katika makumbusho ya Louvre, Paris. Mfalme Mesha wa Moabu, karne ya 9 kabla ya Kristo, anajisifu humo kwamba aliuteka mji wa Nebo kutoka kwa Waisraeli na kuua watu 7,000, wanaume kwa wanawake, kwa kuwa alikuwa ameuweka herem kwa mungu wake, Ashtar-Kemoshi. Kitenzi ni kile kile. Safari hii waliochinjwa ni Waisraeli. Kila ninapolikumbuka jiwe hilo naiona ilivyo dhaifu hoja ya kusema Mungu ndiye aliyeamuru, basi, yamekwisha. Mesha naye angejibu vivyo hivyo.

Sura inayouma kuliko zote ni 1 Samweli 15. Nabii Samweli anampelekea Mfalme Sauli agizo la kuwapiga Waamaleki bila huruma: mwanamume na mwanamke, mtoto na anyonyaye, ng'ombe na kondoo, ngamia na punda. Sababu ni deni la zamani. Waamaleki waliwavamia Waisraeli walipokuwa wakitoka Misri, na Kumbukumbu la Torati 25 inasema waliwapiga wale waliochoka, waliobaki nyuma ya msafara. Sauli anakwenda, anaua, lakini anamwacha hai Mfalme Agagi pamoja na mifugo iliyonona. Samweli anapofika, Sauli anamlaki kwa bashasha na kumwambia kwamba agizo limetimizwa. Nabii anamuuliza: basi mbona nasikia kondoo wakilia?

Wengi wakifika hapa hudhani Sauli alinyang'anywa ufalme kwa kosa la kuwa na huruma. Isome tena. Wanyonyao walikufa. Aliyeachwa ni mwenye cheo, na kilichoachwa ni mali. Mtoto wa Kiamaleki hakuwa na mtetezi, si Sauli wala Samweli.

Wahenga wa Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho na mijadala ya marabi, yaani walimu wa sheria ya Kiyahudi, walilisikia pengo hilo. Katika mlango wa Yoma, ukurasa wa 22b, wanamfanya Sauli aulize kile ambacho Biblia haikumpa kukiuliza. Torati, anasema, imeamuru kwamba akikutwa mtu mmoja ameuawa kondeni na muuaji hajulikani, wazee wa mji wa karibu wamvunje shingo ndama kwa ajili ya nafsi ile moja. Sembuse nafsi zote hizi? Na ikiwa wanadamu wamekosa, wanyama wamekosa nini? Ikiwa wakubwa wamekosa, wadogo wamekosa nini? Sauti kutoka mbinguni ikamjibu kwa maneno ya Mhubiri 7:16: usiwe mwenye haki kupita kiasi. Baadaye, Sauli alipomtuma mtumishi wake Doegi kuwaua makuhani wa Nobu, sauti ikatoka tena na aya inayofuata: usiwe mwovu kupita kiasi.

Ukisoma haraka utasema Talmudi inamkemea mwenye huruma. Ndiyo, sauti inakemea, lakini haijibu. Wadogo wamekosa nini? Swali limeachwa wazi ndani ya kitabu ambacho wanafunzi wanakisoma mpaka leo, na mimi siamini kwamba waliliacha kwa kusahau. Halafu ziweke sura mbili pamoja. Katika 1 Samweli 22 Sauli anawaua makuhani 85 kwa sababu mkuu wao alimpa Daudi mkate, kisha mji wao wa Nobu unapigwa: mwanamume na mwanamke, mtoto na anyonyaye, ng'ombe na punda na kondoo. Ni orodha ile ile ya sura ya 15, amepungua ngamia tu. Hapa hakuna aliyetumwa na Mungu. Upanga uliofundishwa kule kutochagua umerudi nyumbani.

Maelezo ya kihistoria nayagusa kwa ufupi. Mwanaakiolojia Kathleen Kenyon alichimba Yeriko kati ya 1952 na 1958, akakuta kwamba kuta zake kubwa zilianguka muda mrefu kabla ya wakati anaowekwa Yoshua. Yoshua 10 inasema hakusazwa mtu, ilhali Waamuzi 1 inataja mji baada ya mji ambao wenyeji wake walibaki. Kumbukumbu la Torati 7 inaamuru mataifa saba ya Kanaani yaangamizwe, na aya inayofuata inakataza kuoana nayo. Nani ataoana na marehemu? Wafalme wa zama hizo walikuwa na desturi ya kujigamba hivyo. Farao Merneptah, mnamo 1208 kabla ya Kristo, aliandika kwamba mbegu ya Israeli haiko tena. Haya yote yananipa nafuu kuhusu kilichotokea. Kuhusu kilichoandikwa hayanipi nafuu, maana amri hubaki amri hata isipotekelezwa.

Marabi walishika njia nyingine: waliifunga milango kwa sheria. Yuda, Mwamoni (mtu wa taifa jirani la Israeli) aliyeongoka, alikuja kuuliza kama anaweza kuingia katika jumuiya, naye alijua Torati inawakataza Waamoni. Rabi Yoshua, si yule wa Yeriko, akatoa hoja kwamba Senakeribu, mfalme wa Ashuru, aliyachanganya mataifa yote zamani. Mwamoni wa leo atajulikanaje? Yuda akaruhusiwa. Katika karne ya 12 mwanachuoni wa Kiyahudi Maimonides akaandika kwamba kumbukumbu ya mataifa saba imekwisha potea, na kwamba hata wao na Amaleki walipaswa kwanza kupewa nafasi ya amani, ingawa Kumbukumbu la Torati 20 ukiisoma ilivyo inaihifadhi nafasi hiyo kwa miji ya mbali. Talmudi ya Yerusalemu, mkusanyo mwingine wa namna hiyo, inasema Yoshua alipeleka barua tatu kabla ya vita: anayetaka kuhama ahame, anayetaka amani afanye amani, anayetaka vita apigane. Wagirgashi, mojawapo ya mataifa hayo saba, wakahama, wakaenda Afrika, yaani lile jimbo la Kirumi la kaskazini. Mimi naona watu hawa walikwisha kuamua kwamba jambo hili halifai kurudiwa, wakaenda kutafuta sheria ya kuwasaidia. Neno lenyewe nalo likapoa. Herem ikawa kumfukuza mtu katika jumuiya, kama alivyofukuzwa mwanafalsafa Spinoza huko Amsterdam tarehe 27 Julai 1656. Katika Kiebrania cha leo ni kususia.

Mlango wa Amaleki haukufungwa sawasawa. Aya za kumkumbuka husomwa sinagogi kila mwaka, Sabato inayotangulia sikukuu ya Kiyahudi ya Purimu, na wengi hufundishwa kumsoma Amaleki kama uovu ulio moyoni mwa mtu. Lakini jina linaweza kubandikwa kwa jirani. Siku ya Purimu, 25 Februari 1994, Myahudi Baruch Goldstein aliwapiga risasi Waislamu waliokuwa wakisali Hebron, akaua 29. Katika mazingira ya siasa kali alimotoka, kumwita Mpalestina Amaleki halikuwa jambo geni. Oktoba 2023 Waziri Mkuu Netanyahu aliwataka Waisraeli wakumbuke aliyowatendea Amaleki, na Januari 2024 Afrika Kusini, katika kesi yake dhidi ya Israeli, ikayasoma maneno hayo mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Ofisi yake ilisema yameeleweka vibaya, kwamba aliwalenga Hamas.

Agagi, yule mfalme aliyeachwa hai, ana mtu wa ukoo wake anayejitokeza baadaye katika Biblia: Hamani Mwagagi, aliyetaka kuwaua Wayahudi wote wa Uajemi. Katika mlango wa Gittin, ukurasa wa 57b, Talmudi inasema kwamba wajukuu wa Hamani walisoma Torati katika mji wa Bnei Brak. Kwa agizo la 1 Samweli 15, watoto hao hawakupaswa kuzaliwa. Wahenga wamewaweka darasani.