Boti moja, kazi mbili: ufunge mashine ya HP ngapi?

Swali huja hivi, zaidi msimu wa kaskazi unapokaribia: "Fundi, nina boti ya faiba ya futi 17. Asubuhi nataka kutoka nje ya mwamba nikatafute nguru, jioni watoto wavutwe kwa skii ndani. Nichukue mashine ya HP 40, yaani nguvu za farasi 40, au nichukue 115?" Anayeuliza mara nyingi ameshapewa majibu mawili na watu wawili anaowaheshimu. Mvuvi amemwambia 40 inatosha, maana yake imemlisha miaka yote. Mwenye hoteli amemwambia asihangaike na kitu chini ya 100. Wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja anaizungumzia boti yake.

Huku Kilifi swali hili linatokana na mahali penyewe. Ndani ya mkono wa bahari, ukishapita daraja la Mnarani kuelekea bara, maji hutulia na nafasi ni ya kutosha kumvuta mtu. Nje ya mlango, hasa kusi likivuma, ni bahari nyingine kabisa. Boti ile ile, siku ile ile, inatakiwa iwe kali ndani na iwe na adabu nje. Kwa boti ya ukubwa huo jibu langu ni karibu HP 70, na propela mbili za kubadilishana. Boti yako huenda si ya futi 17, kwa hiyo nitaonyesha hesabu yenyewe ili uipige mwenyewe.

Kwanza jua kilo zako. Wenye boti wengi wanajua urefu na rangi, uzito hawaujui, na mashine haivuti urefu. Chukua mfano wetu: bodi ya boti kilo 450, mashine 120, petroli lita 50 kama kilo 37, betri 20, sanduku la barafu na samaki 60, nanga na kamba na maboya ya kujiokolea 40, watu watatu 225. Jumla ni kama kilo 950. Watu husahau barafu na petroli, halafu wanashangaa kwa nini boti iliyokimbia siku ya kujaribiwa ikiwa tupu inasota siku ya kazi.

Sasa gawanya kilo hizo kwa HP. Boti ya tumbo la V ikibeba kilo 18 hadi 23 kwa kila HP moja, itapanda juu ya maji na kukimbia vizuri kwa kazi ya kawaida. Ukitaka kumvuta mtu, shuka hadi kilo 12 au 14 kwa HP. Kwa mashine ya 40, ambayo ni nyepesi kidogo, jumla inakuwa kama kilo 920, yaani 23 kwa HP: uko ukingoni. Kwa 70 unapata 13 na kitu. Kwa 115 jumla hufika kilo 1,000, na hesabu inashuka hadi chini ya 9.

Kwa kukadiria kasi natumia kanuni ya George Crouch, Mmarekani aliyekuwa akibuni boti za mashindano. Boti aliyoichora, Baby Bootlegger, ilishinda mashindano ya Gold Cup mwaka 1924. Kanuni ya asili ni ya ratili na maili. Ukiigeuza iwe kilo na kilomita, kwa boti za kawaida kama hizi zetu, huwa hivi: chukua zile kilo kwa HP, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha gawanya 160 kwa kipeuo hicho. Jibu ni kilomita kwa saa. Mashine ya 40 inatoa kama 33, ya 70 inatoa 43, ya 115 inatoa 54. Ni makadirio tu. Boti yenye kome chini haitafika hapo.

Ziangalie namba hizo vizuri. Kutoka 40 hadi 115 umeongeza nguvu karibu mara tatu, na kasi haijafika hata mara mbili. Ukizidisha HP maradufu, unapata kasi zaidi kwa kama asilimia 40 tu, tena kabla ya kuhesabu uzito wa mashine yenyewe. Maji hayahongeki kirahisi.

Na skii zenyewe hazidai kasi kubwa. Mtu mzima juu ya skii mbili anahitaji kilomita 30 hadi 40 kwa saa. Mtoto anayejifunza anatosheka na 25. Slalomu ya wanaume, ile ya skii moja, kwenye mashindano huishia 58, lakini sijawahi kuletewa boti kwa shabaha hiyo. Kwa karatasi, basi, hata 40 inafika.

Shida iko mwanzoni, pale mtu anapotolewa majini. Anayevutwa amekaa ndani ya maji magoti yakiwa kifuani, ncha za skii juu, kamba imekaza. Boti nayo bado haijapanda. Omo, mbele ya boti, imeinuka; tezi, nyuma yake, imezama; inasukuma lundo la maji mbele yake. Kwa sekunde chache mashine inapandisha vitu viwili kwa pamoja, na inafanya hivyo ikiwa kwenye mizunguko ya chini. Hapo ndipo wengi hudanganyika na namba iliyobandikwa kwenye kifuniko. HP 40 ile hupatikana mashine ikizunguka karibu na mwisho wake, mizunguko 5,000 hivi kwa dakika. Kwenye 2,500 huna 40, una pungufu sana. Mashine ndogo ikibanwa hapo haipandi hata ukilaza mkono wa gesi hadi mwisho: inakoroma, inachimba maji, na yule kwenye kamba ananywa bahari mpaka mikono inachoka anaachia. Kisha anaambiwa hajui skii.

Mashine ya 40 inaweza kumtoa mtoto, au mtu mzima mwepesi wa skii mbili, kama ndani ya boti wamo dereva na mtazamaji tu na barafu imeachwa nyumbani. Akija mjomba wa kilo 95, biashara imekwisha. Ndiyo maana naichagua mashine kwa kazi ngumu kuliko zote itakayofanya, na kwenye boti hii kazi hiyo ni zile sekunde chache.

Mbona basi nisikwambie uchukue 115 tukamaliza?

Angalia kwanza kibao cha boti, kama kipo. Boti za Ulaya huja na kibao cha CE, alama ya viwango vya Ulaya, chenye idadi ya watu na mzigo wa juu. Za Marekani huandikwa na HP ya mwisho. Zinazojengwa kwetu mara nyingi hazina kibao, na hapo mimi huazima kanuni ya Marekani ya boti zilizo chini ya futi 20. Zidisha urefu kwa upana wa tezi, vyote kwa futi. Kwa futi 17 na tezi ya futi 6 ni 102. Kama boti ina stelingi, na ubao wa nyuma una kimo cha inchi 20 au zaidi, zidisha kwa mbili utoe 90: inabaki 114, nao huruhusu kupandisha hadi 115. Kama unaendesha kwa mkono ulioshika mashine yenyewe, chukua asilimia 80 ya 102 utoe 25: unapata 57 kasoro, yaani 60. Na kama tumbo ni bapa lenye kona kali, chukua nusu utoe 15: ni 36, wanakupandishia hadi 40. Boti ile ile, namba tatu, kwa sababu ya mkono unaoiongoza na umbo la tumbo. Anayefunga 75 ya mkono kwenye boti bapa ajue anachokifanya.

Kwa hiyo 115 inaruhusiwa kwenye mfano wetu, lakini huo ni mpaka. Fostroki (mashine ya mipigo minne) ya 115 ina uzito wa kama kilo 170. Ya 70 ni kama 120. Kilo 50 za ziada zinakaa nyuma kabisa, mahali pabaya kuliko pote, pamoja na betri na mara nyingi tangi la petroli. Ndani ya mkono wa bahari hutaona tofauti. Nje utaiona ukianza kurambaza, yaani kuvuta ndoano nyuma ya boti inayokwenda. Kurambaza nguru au fulusi ni kwenda noti 6 au 7 (maili za baharini kwa saa), na kwa boti ya futi 17 hiyo ndiyo kasi mbaya kuliko zote: imepita noti 5 na kitu, ambazo bodi ya urefu huo huzienda kwa raha, na haijafikia kupanda. Tezi inakaa chini muda wote. Ongeza mashine nzito, ongeza wavuvi wawili waliosimama nyuma kupambana na jodari, kisha wimbi la kusi likufuate kwa nyuma. Maji yanaingia juu ya ubao. Kwenye boti yenye tezi fupi sina mjadala kuhusu jambo hili, hata mteja akija na pesa mkononi.

Mafuta je? Fostroki ya 70 ikifunguliwa yote hunywa karibu lita 25 kwa saa. Lakini ukiipeleka kwenye mizunguko 4,000 hunywa nusu ya hapo au pungufu, na boti bado iko juu ya maji. Tustroki (mashine ya mipigo miwili) ya 40 inayolazimishwa kwenda gesi yote muda wote, ili tu boti isishuke, inaweza kunywa zaidi ya hiyo 70 iliyostarehe. Hili huwashangaza wenye boti kuliko kitu kingine chochote ninachowaambia.

Si kwamba naidharau tustroki. Enduro ya 40, tustroki ya Yamaha, ni nyepesi, spea zake ziko kila bandari, na fundi wa kisiwani anaifungua akiwa amekaa mchangani. Kama boti ni ya uvuvi tu, endelea nayo. Ila kwa kurambaza saa nyingi kwa gesi ndogo, plagi hulowa mafuta, moshi unawarudia waliokaa nyuma, na lita moja ya oili kwa kila lita 50 za petroli ni gharama isiyoisha.

Tuje kwenye propela, ambayo wengi huiacha kama ilivyokuja na sanduku. Propela ina upana na ina mwendo, yaani inchi ambazo ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa mbao. Mwendo mrefu ni gia kubwa, mfupi ni gia ndogo. Hakuna dereva wa lori anayepanda kilima cha Mazeras na gia ya juu. Yamaha F70, kwa mfano, inatakiwa izunguke kati ya 5,300 na 6,300 gesi ikiwa yote, na gia yake ya ndani ni 2.33. Kwa propela ya inchi 13 ikizunguka 5,800, hesabu inatoa kilomita 49 kwa saa. Toa kama asilimia 12 za kuteleza, unabaki na 43, ileile ya Crouch. Ukifunga ya inchi 11, kila inchi unayopunguza hupandisha mizunguko kama 200, kwa hiyo unafika 6,200 na kasi inakuwa kama 39. Umepoteza kilomita nne ambazo huzihitaji, na kwa malipo hayo mashine inamng'oa mtu majini bila kulalamika. Ya 13 ni ya safari ya uvuvi, ya 11 ni ya jioni ya skii na ya siku mtakapokuwa watu wengi. Kubadilisha ni kazi ya dakika chache: nati moja na pini yake.

Mengine kwa ufupi. Ubao wa inchi 20 unataka shafti ndefu ya L; bapa lililo juu ya propela liwe sawa na tumbo la boti au inchi moja juu yake, lisipande zaidi, la sivyo kwenye kona propela itavuta hewa na mashine itapiga kelele bure. Kamba ya skii usiifunge kwenye mashine. Funga kamba ya V kwenye pete mbili za tezi, roda katikati. Awepo mtu wa pili wa kumtazama anayevutwa, na kamba ya kuzimia mashine iwe mguuni au kiunoni mwa dereva.

Ukishafunga, jaribu na mzigo kamili: petroli, barafu, watu. Fungua gesi yote mahali tulivu usome mizunguko. Chini ya 5,300, propela ni ndefu mno, na mashine itaumia polepole hata kama boti inaonekana kwenda vizuri. Juu ya 6,300, ni fupi mno. Kisha mtoe mtu mzito kuliko wote majini ukiwa na ile ya 11. Akisimama kabla hajaomba poo, mashine inatosha. Asiposimama na mizunguko iko sawa, hapo ndipo tuzungumze habari za 90, na tuanze kwa kupima tezi.