Mdogo atoe sauti, mkubwa atoe mkono

Kazi yangu hapa Lubumbashi ni kuwafundisha watu wa mapokezi, makatibu, na vijana wa protokoli wanaosimamia harusi na mikutano. Wengi hudhani tutaanza na uma na kisu. Swali wanalouliza wenyewe, tena kila darasa, ni hili: nikiingia biro, yaani ofisi, ya mkubwa, nani aanze kusalimu?

Wanauliza kwa sababu wamelelewa na adabu mbili. Nyumbani waliambiwa mdogo ndiye anayesalimu kwanza, na akikaa kimya ni mtovu wa adabu. Kwenye adabu za Kifaransa walizosoma shuleni, mkubwa ndiye anayenyoosha mkono kwanza, na mwanamke mbele ya mwanamume. Basi kijana akifika mlangoni anaganda. Wengine huishia kufanya lililo baya kuliko yote: wanapitisha mkono juu ya meza ya shefu, yaani bosi, kimya, kama wanaodai kitu.

Mimi sioni ugomvi kati ya adabu hizo. Sauti ni ya anayeingia na ya mdogo. Sema "Jambo Papa", "Jambo Mama". Ukikuta watu kadhaa, "Jambo yenu" kwa wote kabla ya kumwendea yeyote. Mkono ni wa mkubwa. Akiutoa, upokee, asipoutoa, salamu imeshatosha, kaa unapoonyeshwa. Ukipokea mkono wa mtu mzima, kiganja chako cha kushoto kishike mkono wa kulia karibu na kiwiko, uiname kidogo. Kidogo, nasema. Kuna wanaoinama mpaka shefu anatazama chini kuona wameangusha nini.

Na mashefu nao wasikie: mgeni akisema jambo, ondoa macho kwenye telefone umjibu. Kumwacha mtu mzima amesimama na salamu yake ni utovu wa adabu hata kama biro ni yako.

Anayetaka kuona adabu ya mkono ilivyo hai, aende gereji yoyote kwenye komyuni za Kenya au Katuba hapahapa mjini. Fundi mwenye oili mikononi hakunyimi salamu. Anakunja ngumi, anaielekeza chini, anakupa kifundo cha mkono. Nawe unamshika hapohapo, mnaendelea na habari za gari. Anayekula bukari, yaani ugali, hufanya vilevile. Tangu corona ya 2020 wapo pia wasiopenda tena kushikana mikono, na hilo si tusi: mkono wa kulia kifuani, kichwa kiiname, yatosha. Kugusanisha vipaji vya uso, upande huu na ule, kuacheni kwa marafiki nje ya kazi.

Kuhusu majina nitakuwa mkali. Usimwite mtu kwa jina lake tupu mpaka akuruhusu mwenyewe. Mhasibu wa miaka ishirini na mitano akiitwa "Mama" na mlinzi asione kwamba amezeeshwa, ameheshimiwa. Aliyezaa mapacha akipenda kuitwa Mama Mapasa hata kazini, mpe jina lake, amelitolea jasho. Shida huja kwenye kampuni za migodi, ambako bosi kutoka Afrika Kusini anasema, "Niiteni kwa jina langu." Muiteni hivyo basi, ila msiligeuze ruhusa kwa Papa wa stoo aliyekaa miaka yote hiyo akiitwa Papa.

Mwenzako akifiwa, siku anaporudi kazini neno la kwanza ni pole, na faili ingoje. Ukienda kilioni, mchango wako mpe mwenye daftari aandike jina. Usimsukumie mfiwa noti mkononi wakati analia. Mshike mkono, keti, nyamaza. Maswali ya "alikufa na nini?" yasitoke kinywani mwako kabisa. Huwa nashangaa jinsi watu wenye diploma wanavyoshindwa na hili.

Jambo la mwisho ni dogo lakini linaharibu kazi za watu: saa. Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Ukimpigia mkurugenzi wa Kinshasa saa mbili asubuhi ya hapa, kwake ni saa moja, labda bado yuko kwenye foleni ya magari, halafu unashangaa anajibu kwa ukali. Katika mwaliko wa mkutano wa intaneti andika saa zote mbili, ya hapa na ya kule, na ukitumia tarakimu weka 8:00, kwa maana "saa mbili" mtu aliyezoea kuhesabu Kifaransa anaweza kuielewa kuwa ni usiku wa manane. Ukipiga, jitaje jina na kampuni, kisha uliza kama ana nafasi ya kusema. Akikwambia hana, uliza umpigie saa ngapi, uage, ukate.