Bintu batu banasemaka juu ya ndege za furtifu, na ukweli wake

Huku Lubumbashi bavijana bakikaa pamoja, mabishano ya ndege za kivita haiishake, huyu F-22 ya Marekani, huyu Su-57 ya Urusi, mwingine J-20 ya China. Zote zinaitwa furtifu, ni kusema zilitengenezwa ili radari isizione mbali, na mingi ya ile banasema haiko kweli.

"Ndege furtifu haionekanake na radari." Apana! Inaonekana, lakini mpaka ifike karibu, juu umbo yake inatupa mawimbi ya radari pembeni, na rangi yake inameza mengine. Kiisha umbo ile ilipimwa zaidi kwa mawimbi mafupi, ya radari zenye kuongoza misile, njo maana radari ya zamani ya mawimbi marefu inaweza kuiona hata kama haijue vizuri iko wapi. Tarehe 27/3/1999 Baserbia baliangusha F-117, ndege furtifu ya Marekani, na misile S-125, silaha ya miaka ya 1960: radari ya mawimbi marefu iliiona kwanza, na ile ya kulenga baliiwasha kwa sekunde kidogo tu ili basipigwe. Ile ilikuwa akili ya batu, mi naona tunaisahauka sana.

"F-35 njo mupya, basi inashinda F-22 kwa yote." F-22, ile iliingia kazi 2005, ilitengenezwa kwa kupigana juu mu anga na inapita Mach 1.5 (mara moja na nusu ya mbio ya sauti) bila postikombustio, ile ya kuchoma mafuta ingine nyuma ya motere ili iende mbio zaidi. F-35, nayo ya Marekani, inafika Mach 1.6 hivi, ila nguvu yake ni kukusanya habari, kuzipasia bengine na kupiga chini.

"Su-57 ni Sukhoi, na Sukhoi tunaijua." Ile Sukhoi ya jeshi yetu ni Su-25, iliruka mara ya kwanza 1975 na haiko furtifu hata kidogo. Su-57 iliruka 2010, ni ndege ingine kabisa.

J-20 nayo banaizarau eti kopi. Shida ya China ilikuwa zaidi motere, za kwanza zilitoka Urusi, maana metali ya kuvumilia moto ya ndani ya motere ni ngumu kutengeneza (na kobalti, ile tunachimba huku Katanga, inaingiaka mu metali za vile).

Na ukiona picha ya F-35 imebeba misile chini ya mabawa, pale ufurtifu umepungua sana, juu misile za inje zinarudisha mawimbi ya radari. Ndani ya tumbo F-35A inabeba misile ine ya kupiga ndege, F-22 munane.