Viniloni haikuigwa Marekani

Wengi bado husema Wajapani hawakubuni uzi wowote wa kiwandani: walisubiri nailoni ya Wamarekani, wakaiga, wakauza kwa bei poa. Punje ya ukweli ipo. Mwaka 1951 kampuni ya Kijapani ya Toray ilinunua leseni ya nailoni kwa DuPont, kampuni ya Kimarekani. Lakini leseni iliyolipiwa si wizi, wala hapo si mwanzo wa habari.

Mwaka 1939, katika Chuo Kikuu cha Kyoto, Ichiro Sakurada na wenzake, akiwamo Mkorea Ri Sung-gi, walitangaza uzi uliokuja kuitwa viniloni. Asili yake ni mawe ya chokaa na makaa ya mawe. Kutokana navyo hupatikana kabaidi, ileile ambayo mafundi wa kuchomelea huitilia maji wapate gesi. Gesi hiyo hugeuzwa hatua kwa hatua hadi ikawa plastiki ya kuvutwa nyuzi. Kasoro yake ilikuwa ya kuchekesha: ukiutia uzi kwenye maji moto, unayeyuka. Nguo gani hiyo isiyofulika? Dawa ikawa kuupitisha kwenye joto kali, kisha kuuzamisha kwenye fomalini.

Vita vilichelewesha mambo. Kampuni ya Kuraray, wakati huo ikiitwa Kurashiki Rayon, ilianza kuuzalisha kibiashara mwaka 1950, ukaingia kwenye nyavu, kamba na sare za shule. Kwenye mavazi poliesta iliubwaga, maana viniloni ni ngumu kushika rangi. Siku hizi huchanganywa kwenye zege lisipasuke ovyo.