Ng'ombe wengi sio akiba ya ukame

Kila kiangazi huku Handeni nasikia maneno yaleyale mnadani na watu wanaingia hasara ileile, inaniuma kwa kweli.

Kubwa kuliko yote ni hili, eti ukiwa na ng'ombe mia ukame ukija watakufa hamsini utabaki na hamsini, mwenye ishirini atabaki na kumi. Hapana jamani! Hao wa ziada ndo wanamaliza majani ya wale ambao wangepona. Ng'ombe wa kilo 250 anataka kama kilo 6 za majani makavu kwa siku, sasa piga hesabu, mia ni kilo 600 kila siku, toka mwezi wa sita mpaka wa kumi ni kama tani 90, unazo? Kwa hiyo masika ikiisha na ng'ombe bado wamenona, zunguka malishoni uone majani yaliyosimama yanatosha wangapi, waliozidi uza hapohapo: maksai (madume waliohasiwa), madume ya ziada, majike wazee na wasioshika mimba. Bakiza mitamba (majike wachanga ambao hawajazaa) na majike wanaozaa vizuri. Mzee wetu alikataa bei nzuri ya maksai mwezi wa sita, mwezi wa kumi na moja tukaishia kumchuna ngozi maksai huyo.

Halafu kuna hii ya kwamba majani yakibaki yamepotea bure. Majani yakiliwa mpaka chini mizizi inaacha kukua, ardhi inabaki wazi, vuli ikija maji yanateleza juu yanaenda zake na udongo wako. Acha kama nusu, hamisha ng'ombe, usiwarudishe mpaka majani yapone. Wala sio mambo ya kizungu haya, Wasukuma wana ngitili, Wamaasai wana alalili, sehemu inafungwa wakati wa mvua ili kiangazi ndama na wanyonge wapate pa kula.

Kuchoma moto ili yaote mapya? Umechoma chakula chenyewe cha kiangazi.

Wengine wanasifia Friziani, ng'ombe wa kisasa wa maziwa mengi, sawa kama una majani ya kukata na maji karibu, ila kwa kutembea juani kutafuta malisho zebu wetu wenye nundu na Borani wanavumilia zaidi.

Hei, yaani majani yaliyokaushwa ya akiba, nayo wanasema mpaka uwe na mashine. Kata majani yakianza kutoa maua, yaanike, shindilia kwenye boksi la mbao, funga kamba, weka pasiponyeshewa. Panga na boksi tu vinatosha.