Choo cha dharura: kabla hujaagiza, uliza uchafu utaenda wapi

Watu wakikimbia vita au mafuriko wakarundikana sehemu moja, siku ya kwanza kila mtu anaulizia maji na chakula, choo kinakuja baadae, na kipindupindu kinapita hapo hapo.

Tuchukue Goma, Julai 1994, Kongo bado inaitwa Zaire. Ndani ya siku chache wakimbizi zaidi ya laki tano kutoka Rwanda walivuka mpaka wakatua juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, jembe haliingii, sururu inaruka, hata kaburi kuchimba ilikuwa shida, sembuse choo. Watu wakajisaidia popote wakachota maji ya ziwa Kivu hivyo hivyo, na wataalam waliofuatilia wakakadiria mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu.

Kwa hiyo mimi nikiulizwa tujenge choo gani, naanza na ardhi. Kwenye udongo wa kawaida choo cha shimo kinatosha kabisa na msikubali mtu awauzie kitu cha gharama, ila chini ya shimo ibaki angalau mita 1.5 kabla ya kufika maji ya ardhini, na kisima kiwe mbali mita 30. Sehemu ya mawe yaliyopasuka kama Goma hizo mita 30 usiziamini, maji machafu yanapita kwenye nyufa yanafika mbali haraka sana. Na pale mafuriko yanapopiga, shimo likijaa maji ya mvua kinyesi chote kinaelea mpaka mlangoni kwa watu.

Hapo ndo tunaenda kwenye choo cha kuinuliwa, chenye tanki juu ya ardhi. Kinafaa, lakini piga hesabu kwanza. Mtu mmoja kwa siku, mkojo na kinyesi weka lita moja na nusu, maji ya kutawaza lita mbili, watu 20 ni lita 70, maana yake tanki la lita 1,000 linajaa wiki mbili tu! Sasa nani analinyonya, gari linafika pale matope yakianza, na likishanyonya linamwaga wapi? Haiti mwaka 2010 kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa karibu na Mirebalais vyoo vilikuwepo, maji taka yake ndo yaliingia kwenye kijito kinachomwaga mto Artibonite, na kipindupindu kikaenea nchi nzima kikaua maelfu ya watu. Ukikosa jibu la wapi kumwaga, hicho choo bado hujakipanga.

Alafu kuna watumiaji wenyewe, na hili linaniuma kwa sababu kuuliza ni bure. Choo kikavu kinachotenganisha mkojo ni kizuri sana kwenye mawe, ila ukiwapelekea watu wanaotawaza kwa maji bila kuwawekea sehemu ya maji hayo kupita pembeni, kinyesi hakikauki, kinanuka, wanakiacha. Wanawake waulizwe kivyao bila wanaume kuwepo, watakwambia komeo la ndani na taa ya njiani, maana choo cha gizani usiku hakuna anayeenda. Watoto wadogo wanaogopa tundu kubwa, wapewe poti, na mama aonyeshwe pa kumwaga, kwa kuwa kinyesi cha mtoto kinaambukiza vile vile.

Idadi je? Mwanzoni kabisa choo kimoja kwa watu 50 kinavumilika, baadae ishuke mpaka watu 20, kisizidi mita 50 kutoka wanapolala. Kambi ya watu 10,000 ni vyoo 200 vya kuanzia alafu 500, kwa hiyo bajeti ya kunyonya na ya wasafishaji iandikwe siku ile ile ya kuomba bajeti ya kujenga, na wasafishaji hao wachukuliwe kutoka kwa wakimbizi wenyewe, walipwe, wapewe glavu na buti.