Gyros ni nini, na unaipikaje nyumbani bila mashine

Ukiwahi kusimama mbele ya mashine ya shawarma, iwe Mombasa, Dar es Salaam au Muscat, basi gyros umeshaijua kwa macho kabla hujaijua kwa jina. Ni ule ule mnara wa nyama unaozunguka taratibu mbele ya moto, na mtu mwenye kisu kirefu anakata vipande vyembamba upande ulioiva huku upande wa pili ukiendelea kuungua. Kinachoitenga gyros ya Ugiriki na shawarma ni viungo, mkate, kile kinachopakwa ndani, na mara nyingi nyama yenyewe. Jambo la msingi ni moja, na hata majina yanakiri hivyo.

Kwa Kigiriki neno hili huandikwa γύρος, na maana yake ni mzunguko. Hutamkwa "yiros", mkazo ukiwa mwanzoni, kwa sababu herufi yao ya "g" ikikutana na irabu hiyo husikika kama "y" yetu. Ile "s" ya mwisho ni sehemu ya neno, si alama ya wingi. Wamarekani wengi waliidhania wingi wakaikata, ndiyo maana huko utasikia watu wakiagiza "jairo". Waturuki nao wanasema döner, kutoka kitenzi dönmek, yaani kuzunguka. Shawarma ya Waarabu imetokana na neno jingine la Kituruki, çevirme, ambalo nalo ni kuzungusha. Majirani watatu, na kila mmoja amekiita chakula hiki kwa jina la ile kazi ya kuzunguka. Hakuna aliyekipa jina la nyama wala la kiungo. Hilo naomba ulishike, kwa sababu ndilo litakalokuongoza ukifika jikoni.

Zamani nyama ya namna hii ilichomwa chuma kikiwa kimelala juu ya makaa. Katika karne ya 19, kwenye himaya ya Uthmaniya, kikasimamishwa wima. Anayetajwa zaidi kwa jambo hilo ni mpishi İskender Efendi wa mji wa Bursa, ulioko Uturuki ya leo. Chuma kikilala, mafuta yanadondokea makaa, yanalipuka moshi na kupotea. Kikisimama, mafuta ya juu yanateremka yakiilainisha nyama yote hadi chini, na hakuna jivu linaloifikia. Badiliko dogo, lakini bila hilo tusingekuwa na shawarma wala gyros. Wahamiaji kutoka Lebanoni waliupeleka mnara huo huo Meksiko, ukazaa tacos al pastor, yaani vimkate vyembamba vya mahindi vyenye nyama iliyokatwa kutoka mnarani.

Ugiriki ilipokea mapishi mengi ya Asia Ndogo, yaani sehemu kubwa ya Uturuki ya leo, kupitia wakimbizi. Baada ya vita vya Ugiriki na Uturuki vilivyoisha 1922 na mkataba wa kubadilishana watu wa 1923, zaidi ya Wakristo Waorthodoksi milioni 1 walihama kutoka upande wa Uturuki kwenda Ugiriki, na vyungu vyao vikaenda nao. Kwa miaka mingi Wagiriki wenyewe waliita chakula hiki döner. Ilipofika katikati ya miaka ya 1970, uhusiano na Uturuki ukiwa mbaya kwa ajili ya mgogoro wa kisiwa cha Kupro, jina la Kituruki likaanza kulalamikiwa, wakachukua neno lao lenye maana ile ile. Moto haukubadilika, wala kisu.

Kuna neno jingine litakalokuchanganya ukisafiri. Souvlaki ni mishkaki: vipande vya nyama kwenye kijiti. Lakini Athens mtu akisema souvlaki anaweza kuwa anamaanisha mkate wote uliokunjwa na nyama ndani, na kijiti chenyewe anakiita kalamaki, yaani kitete kidogo. Ukisema hivyo Thessaloniki watakucheka, kwa maana kwao kalamaki ni mrija wa kunywea soda. Ukitaka kuwa salama popote, sema "pita gyros".

Na hapa niseme jambo ambalo Mwislamu anayesafiri anapaswa kulijua mapema: gyros ya kawaida Ugiriki ni nguruwe. Usipotaja nyama unayotaka, uwezekano mkubwa utapewa hiyo. Neno la nguruwe ni "chirino", la kuku ni "kotopulo". Kuku hupatikana karibu kila mahali, ila kama unataka iliyochinjwa kwa sheria hilo ni suala jingine la kuuliza. Nyumbani una uhuru wote: kuku, kondoo, ng'ombe, au kitimoto kwa wanaokula.

Sasa jikoni. Watu wengi wanaotaka kupika gyros nyumbani huanza kwa kutafuta viungo, na nadhani hapo ndipo wanapopotea. Swali la kwanza ni hili: ile mashine inafanya nini, na mimi nisiye nayo nitaifanyaje kazi hiyo kwa mkono? Ukiitazama utaona kwamba nyama imepangwa tabaka juu ya tabaka na kushindiliwa mpaka ikawa kitu kimoja. Mafuta hayaachwi yapotee. Na muhimu kuliko yote, uso wa nje peke yake ndio unaoungua, kisha unakatwa mwembamba, na uso mpya unajitokeza kuungua kwa zamu yake. Kwa hiyo kila kipande unachokula kina upande mmoja uliokauka na kukolea rangi, na upande mwingine laini wenye maji yake. Utamu wa gyros uko kwenye huo mpaka. Ukipika kipande kinene, hata kwa viungo vya mfalme, umepika nyama ya kuchoma tu.

Njia ninayoiamini ni ya siku mbili. Chukua kilo 1 ya mapaja ya kuku yaliyotolewa mfupa, ya kuku wa kisasa, kwa sababu wa kienyeji ana utamu wake lakini anahitaji muda mrefu motoni. Kama ni nguruwe, chukua bega lenye mafuta kidogo, uligandishe kwenye friza nusu saa ili kisu kiweze kukata vipande vya nusu sentimita. Changanya vijiko 3 vya mafuta ya zeituni, vijiko 2 vya siki, punje 3 za kitunguu saumu kilichotwangwa, vijiko 2 vidogo vya chumvi, kijiko 1 kikubwa cha oregano kavu, vijiko 2 vidogo vya paprika na pilipili manga. Ipake nyama, iache ilale na viungo saa 2 au zaidi kwenye friji.

Najua mkono wa mpishi wa Pwani utaanza kuwasha kutafuta iliki, mdalasini na bizari. Uzuie. Ukivitia, utapata chakula kizuri sana, na jina lake litakuwa shawarma. Harufu ya gyros ni oregano, ambayo Wagiriki huiita rigani, na haipendi kushindana na iliki.

Panga nyama kwenye chombo cha kuokea mkate, kipande juu ya kipande, ukikandamiza kila tabaka kwa kiganja. Funika kwa foili, weka kwenye oveni nyuzi 180 mpaka katikati iive kabisa. Kwa kuku ni nyuzi 74 ukiwa na kipimajoto, na kwa kawaida huchukua saa 1 na zaidi kidogo. Ikitoka, mwaga ule mchuzi kwenye bakuli na uutunze. Juu ya nyama weka kitu kizito, hata makopo mawili ya nyanya. Ikipoa, peleka friji ilale. Kesho yake utatoa tofali la nyama lililoshikana, ambalo kisu kikali kinalikata wembamba kama unavyotaka, na kila kipande kina mistari ya matabaka kama pale kwenye mnara.

Hapo ndipo kikaango kinapochukua nafasi ya moto wa mashine. Kipashe mpaka tone la maji likiruka. Tandaza vipande visivyopandana, uviache bila kuvigusa kwa dakika nzima. Utasikia mlio ukibadilika, kutoka ule wa maji maji kwenda mkavu unaopasuka pasuka, na kingo zitaanza kujikunja na kuwa kahawia. Usigeuze. Upande mmoja uungue vizuri, mwingine ubaki laini. Dondoshea kijiko kimoja cha ule mchuzi uliotunza, ukoroge mara moja, toa.

Asiye na oveni asikate tamaa. Nyama ile ile, ikatwe nyembamba mbichi, ipikwe moja kwa moja kwenye kikaango cha moto mkali. Sharti ni kupika kidogo kidogo. Ukijaza kikaango, nyama itatoa maji, itachemka badala ya kuungua, na hapo umeharibu.

Mchuzi mzito wa pembeni unaitwa tzatziki, na huu ndio unaodharauliwa zaidi na kuharibika zaidi. Chukua lita 1 ya mtindi usio na sukari, maziwa lala kwa Wakenya, uufunge kwenye kitambaa safi na kuuning'iniza usiku kucha juu ya bakuli. Asubuhi utakuta umebaki kama nusu, mzito kiasi cha kusimamisha kijiko. Chukua tango moja kubwa, likune kwa mbuzi ya karoti, nyunyiza chumvi, subiri dakika 10. Kisha likamue kwa mikono, kisawasawa, kama unavyokamua nazi. Utashangaa maji yanayotoka: kikombe hujaa karibu nusu, na tango linalobaki linaenea kiganjani. Maji hayo yangeingia kwenye mtindi, mkate wako wote ungelowa. Changanya na punje 2 za kitunguu saumu, mafuta ya zeituni, siki kidogo, na shibiti au nanaa iliyokatwa. Uache upoe saa moja ili kitunguu saumu kitulie.

Pita ya Kigiriki haina mfuko ndani kama mkate wa Kiarabu. Ni nene kidogo, laini, inakunjika bila kupasuka. Unga wa ngano nusu kilo, kijiko kidogo kimoja na nusu cha hamira ya chenga, chumvi, vijiko 2 vya mafuta, na maji ya vuguvugu kama mililita 300. Ukande, uumuke, ukate madonge 8, usukume duara zenye unene wa nusu sentimita. Zichome choma kwa uma ili zisifure, kisha zipike kwenye kikaango cha chapati. Chapati yetu ya kusukuma inaweza kushika nafasi yake kwa dharura, ila ina mafuta mengi na matabaka yake huchanika ukiikunja juu ya nyama.

Kabla ya kupakia, pangusa pita mafuta kidogo na uirudishe kikaangoni sekunde chache kila upande. Paka tzatziki katikati, weka nyama ikiwa bado inatoa mvuke, nyanya, kitunguu kilichokatwa pete nyembamba, na chipsi chache. Ndiyo, chipsi ndani ya mkate. Wagiriki wanaziweka humo na wala si ubunifu wa vijana wa mjini. Kunja upande mmoja juu ya mwingine mpaka iwe kama koni, zungushia karatasi chini pasivuje, na ukabidhi mkononi papo hapo, wakati kingo za nyama bado zinalia chini ya jino.